Mama na Sauti ya Kununua

Zamani yowe la mama yangu lilikuwa mali ya kambi nzima. Tuliishi Rudewa, kwenye nyumba za mistari walizojengewa wafanyakazi wa shamba la mkonge, na kila mstari ulikuwa na mwanamke wake wa kutegemewa kwa yowe, iwe ni moto, nyoka au mwizi wa kuku. Mstari wetu ulimtegemea mama. Akipiga, watu walijua ni nani, yuko wapi, na waje na ndoo au waje na fimbo. Baba alikuwa mkata mkonge, mtu wa maneno machache. Alipenda kusema kwamba alimwoa mama kwa ajili ya chapati zake, na lile yowe akaligundua baadaye, mahari yameshaliwa.

Kisha mambo matatu yakafuatana. Shamba lilifungwa. Baba akafariki. Mama akaota rovu shingoni, akapelekwa Morogoro kufanyiwa operesheni. Daktari alituambia operesheni imefanikiwa, na ni kweli, rovu liliondoka. Ila liliondoka na sauti. Mama alirudi nyumbani na mnong'ono, kama mtu anayetunza siri za watu wote, na kwa kuwa ilibidi wasikilizaji wainame ili wamsikie, maneno yake yalianza kuheshimiwa kuliko wakati alipokuwa na sauti.

Kwa mazungumzo mnong'ono ulitosha. Kwa njia ya mkongeni haukutosha. Siku za soko mama alitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri na kikapu cha nyanya chungu na bamia, akakatiza shamba la zamani kwa mwendo wa nusu saa hadi barabarani, awahi gari la Kilosa. Mkonge ulikuwa umeachwa ukajiotea unavyotaka. Milingoti ya maua ya mkonge ilisimama kila upande, na chini magugu yalifika kifuani. Msimu ule wanawake wawili waliporwa mle ndani. Wa kwanza alipiga yowe, na kikapu chake kikaokotwa hatua chache mbele. Wa pili mdomo ulimkauka kwa hofu, na kikapu chake hakikuonekana tena. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kilosa mjini, mwenye tabia ya kuandika kila kitu kwenye daftari. Niliziandika habari zote mbili, nikapigia mstari tofauti kati yao.

Kaka yangu hakuhitaji daftari. Yeye alikuwa Mikumi, kando ya barabara kuu, akiziba pancha za malori na kukodisha vyumba vinne alivyoviita gesti. Alizisikia habari, akaja na pikapu yake, akasimama mlangoni bila hata kuvua kofia.

"Shikamoo mama. Pakia vitu. Twende Mikumi kwenye usalama."

Mama akanong'ona. Kaka akainama.

"Marahaba. Usalama upi? Juzi si tembo wamekula migomba yako yote?"

"Tembo hawapori vikapu, mama."

"Hawana haja ya kikapu. Wanakula mpaka shina."

Waliendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Kaka alishindwa, lakini hakushindwa moja kwa moja. Akiwa ameshika mlango wa gari alinigeukia mimi, si mama, akasema, "Wewe mwalimu ni shahidi. Akiguswa mara moja tu kule mkongeni, mara moja, naja na gari na simuulizi mtu."

Tulimjua. Angekuja. Na hapo ndipo jambo lenyewe liliposimama: Rudewa mama alikuwa na vyumba vyake viwili, kaburi la baba mwisho wa shamba, wateja wake Kilosa waliomngoja yeye na si mwingine, na jina lake. Mikumi angekuwa na kochi.

Nilikuwa nimewahi kuona kidude fulani kwenye mkoba wa mwanamke mmoja mgeni aliyekuja na mradi wa maji. Kilikuwa king'ora kidogo cha kubeba mkononi. Ukivamiwa unachomoa pini, kinalia mpaka pini irudishwe. Nikawaza kwamba mama alichopungukiwa ni sauti tu, na hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Vitu ambavyo utotoni mwangu vilifuatwa kwa foleni na barua ya mwenyekiti sasa vilikuwa vimetandazwa kando ya barabara, vinatuita sisi. Kama sabuni ya kila rangi ilipatikana, kwa nini isipatikane sauti?

Nikaandika masharti kwenye daftari. Kisikike mbali. Kiwashwe kwa mkono mmoja, maana wa pili umeshika kikapu. Kisijiwashe chenyewe. Betri yake ipatikane mahali ambapo mwanadamu anaweza kufika. Jumamosi nikapanda gari la Mikumi.

Mkabala na kituo cha mabasi palikuwa na duka la mbao lililouza saa, tochi, kalkuleta na redio. Mwenye duka alikuwa mtu mchangamfu, aliyekupa bei kabla hujauliza na kuishusha kabla hujalalamika. Nilimweleza.

"Unataka cha kulinda gari, dada?"

"Cha kulinda mama."

"Mama wa wapi?"

"Rudewa."

"Basi kipo."

Alianza na filimbi. Nikamwambia mama hana pumzi ya filimbi. Akatoa kopo la gesi lenye honi, kama lile la washabiki wa mpira. Kelele yake ilikuwa nzuri, ilitikisa vioo vya saa.

"Gesi ikiwa inakaribia kuisha, nitajuaje?" nikauliza.

"Utajua siku ukibonyeza kikanyamaza."

"Siku hiyo ndiyo ninayoikimbia."

Akalirudisha. Akaleta kiboksi cheupe cha kubonyeza, ukubwa wa kipande cha sabuni. Hicho kilianza kulia kikiwa bado ndani ya katoni, kabla hajakigusa, na yeye akakisifu kwa hilo: "Unaona? Hakimsubiri mtu." Nikamwambia mama yangu hupita mbele ya msikiti na kanisa kabla ya kufika sokoni, kisije kikamjibu mtu kwenye sala.

Cha mwisho kilikuwa cheusi, kinaenea kwenye kiganja, na pini iliyofungwa kamba ya kuvaa mkononi. Ukivuta kamba, pini inatoka. Chini yake palikuwa na swichi ndogo ya kuchagua mlio. Mlio wa kwanza ulipanda na kushuka haraka haraka kama mtoto anayedeka. Wa pili ulianza chini, ukapanda taratibu mpaka juu kabisa, ukakaa huko huko bila kutetereka. Uliposhika pale juu nilijikuta nimesimama wima, mkoba nimeubana ubavuni, kama mtu aliyechelewa. Nikasema, "Huu wa pili." Sikujiuliza kwa nini.

Lakini mimi ni mtu wa kuhakikisha. Nilikitoa nje, nikasimama kando ya barabara, nikachomoa pini. Kililia. Madereva wa malori waliendelea kunywa chai. Wauza vitunguu waliendelea kukimbilia basi. Hakuna aliyegeuka isipokuwa nyani mmoja, naye aliangalia mikono yangu, akaona hakuna chakula, akaendelea na safari.

"Mbona hakuna aliyeshtuka?" nikamuuliza muuzaji.

"Dada, hawa watu wa hapa hata simba akinguruma wanauliza ni basi gani limefika. Huko kwenu wataamka."

Alikuwa sahihi, ingawa kwa sababu ambayo yeye wala mimi hatukuijua. Nilinunua na betri mbili za mraba, kwa sababu alinithibitishia kwamba Kilosa sitazipata, na nilipofika Kilosa nikazitafuta na sikuzipata.

Ndani ya boksi palikuwa na karatasi ya maelekezo, na mchoro wa mwanamke mwenye viatu virefu katika uwanja uliojaa magari. Nilimtafsiria mama neno kwa neno, tukiwa tumekaa kwenye mkeka.

"Kishike tayari mkononi unapoelekea kwenye gari lako," nikasoma.

"Gari langu liko wapi?"

"Endelea kusikiliza, mama. Usiruhusu mtu usiyemfahamu akusogelee."

"Nitauza kwa nani?"

"Kikishaanza kulia, kitupe mbali na ukimbie upande mwingine."

Mama alikichukua, akakigeuza geuza. "Umetoka Mikumi mpaka hapa ili nikitupe?"

Tukafanya mazoezi bila betri. Mimi nilikuwa mwizi. Nilitoka nyuma ya jiko nikamrukia. Mama alisimama tu akiniangalia.

"Vuta pini, mama!"

"Kwanza niamkie."

"Mwizi haamkii."

"Labda wa kwenu mjini. Wa hapa ni mtoto wa mtu."

Tulirudia mara nyingi, na kila mara alikataa kumpigia kelele mtu ambaye hawajasalimiana. Nikamweleza kwamba ndiyo maana ya kidude chenyewe, kumpigia kelele mgeni. Akasema mtu akikuamkia si mgeni tena, na asipokuamkia huna haja ya betri, hiyo ni laana tosha. Niliandika kwenye daftari: *mazoezi hayajafaulu.*

Halafu kulikuwa na suala la mahali pa kukiweka. Siku ya kwanza alikifunga kwenye nailoni, nailoni akaizungushia kitambaa, na mzigo wote akauweka chini kabisa ya kikapu, bamia juu, ili umande usikiharibu. Nikamwambia itabidi amwombe mwizi amsaidie kupakua. Akatafakari siku mbili. Siku ya tatu alikuja na mpango wake mwenyewe, kinyume kabisa na karatasi: kidude chenyewe kilifungwa kwa ndani kwenye mshikio wa kikapu, na kamba ya pini akaivaa mkononi, chini ya khanga.

"Mimi sivuti kitu," alinong'ona. "Atavuta yeye. Akivuta kikapu, kelele zake."

Nilitafuta kasoro sikuiona.

Lililobaki lilikuwa kuwajulisha watu. Nilitaka kwenda kwa mwenyekiti ili atangaze, kambi yote ijue kwamba mlio huu maana yake ni mama. Yowe lina mwenyewe, king'ora hakina.

"Ukimwambia mwenyekiti umemwambia mwizi," mama alisema.

"Kwani mwizi ni ndugu yake?"

"Mwizi simjui. Mwenyekiti namjua."

Nikaliacha. Hilo ndilo kosa, na ni langu, kwa sababu mama alikuwa na haki ya kutomwamini mwenyekiti lakini mimi nilikuwa na daftari.

Maana kwenye daftari hilo hilo, kurasa chache nyuma, nilikuwa nimeandika habari nyingine bila kuipigia mstari. Watu wenye vyombo vya miguu mitatu walikuwa wamepita Rudewa wakichungulia na kupiga vigingi, na ilisemwa kwamba shamba limepata mwekezaji. Lini ataanza, hakuna aliyejua. Lakini wazee wa kambini, waliokuwa wamegeuka wakulima wa mahindi kwa kukosa la kufanya, walikuwa wameanza kunoa tena mapanga yao marefu ya mkonge. Mzee mmoja aliyekuwa mnyapara wetu, rafiki wa baba, alitoa kipande chake kutoka chini ya godoro, ile kadi ya zamani ya kuhesabia siku za kazi, akaifunga kwenye nailoni safi. Wengine wakamfuata. Kila mmoja aliamini kwamba mwekezaji akija atataka kuona nani alikuwa nani.

Siku yenyewe ilikuwa ya soko, shule zimefungwa, nami nilikuwa nimelala kwa mama. Alitoka kama kawaida. Nilikuwa nafagia uwanja, giza limeanza kuwa kijivu, niliposikia mlio ukianza chini huko mkongeni, ukapanda, ukafika juu, ukakaa.

Nilitupa ufagio. Nilichokiona kabla sijapiga hatua nitakieleza kwa mpangilio, kwa sababu wakati ule hakikuwa na mpangilio. Milango ya mstari wetu ilifunguka yote kwa pamoja. Wanaume wakatoka. Mmoja alikuwa anafunga mkanda, mwingine kavaa gambuti mguu mmoja, kila mmoja na panga. Nikashukuru Mungu: wanakwenda kumwokoa mama. Kisha nikaona kwamba hawaelekei kule mlio unakotoka. Walikunja kushoto, wote, bila mtu kuwaelekeza, wakashika njia ya kiwanja kilicho mbele ya kiwanda kilichokufa, kiwanja ambacho enzi za shamba watu waliitiwa majina kila alfajiri kabla ya kugawiwa kazi. Na kutoka mistari mingine walikuwa wanakuja pia, wanakimbia na miaka yao.

Hapo ndipo masikio yangu yaliponiambia yalichokuwa yamekijua tangu Mikumi. Shamba lilikuwa na king'ora. Kila alfajiri ya utoto wangu kilianza chini, kikapanda, kikakaa juu, na baba alikuwa mlangoni kabla hakijafika katikati. Kile cha mama kilikuwa chembamba zaidi, kama king'ora cha shamba kilichokonda kwa njaa. Lakini kwa mtu aliyekisubiri miaka yote hiyo, wembamba si kitu.

Mambo ya mkongeni alinisimulia mama baadaye. Kijana alitokea kwenye magugu, akasimama mbele yake, akainamisha kichwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo bibi." Ndipo akavuta kikapu.

"Ana adabu," mama alisisitiza aliponieleza. "Ni mtoto wa mtu, nilikwambia."

Kijana alikimbia na kikapu, na kikapu kikakimbia kinapiga kelele. Kila alipoongeza mbio kelele zilikwenda naye. Akageuka kulia, akapenya kwenye milingoti, akatokeza kwenye kile kiwanja cha mbele ya kiwanda, na pale akakutana na kundi la wanaume wenye mapanga wanaokuja kwake kwa kasi, nyuso zimejaa furaha. Nadhani ni ile furaha iliyommaliza. Alikitupa kikapu hewani, akarudi alikotoka, na tangu siku hiyo hakuna aliyeporwa mkongeni, angalau si na yeye.

Wanaume hawakumwangalia hata kidogo. Nilipofika walikuwa wanajipanga mistari, wafupi mbele, warefu nyuma, kama zamani. Mama ametokea upande wa pili, ameokota kikapu, amesimama mbele yao peke yake huku bamia zimetapakaa miguuni, na kile kidude kinalia kwenye mshikio. Pini alikuwa nayo mkononi, kwenye kamba, lakini kwa haraka hakuliona tundu. Alikuwa anasema kitu. Midomo ilikwenda, sauti haikusikika. Mnyapara amesimama kando ya mstari, amenyoosha kipande chake kwenye nailoni, na nyuma yake vipande vimenyooshwa vyote.

Nilitaka kupita moja kwa moja, lakini huwezi kupita mbele ya wazee wote wale ukiwa umefumba mdomo. Nikasimama, nahema, nikapaza sauti kuishinda ya king'ora.

"Shikamooni!"

"Marahaba!" wakajibu kwa mkupuo mmoja, kama walioitwa jina.

Nikachukua pini, nikairudisha. Kidude kikanyamaza.

"Mwekezaji yuko wapi?" mnyapara akauliza.

Mama akanong'ona. Mnyapara akainama, panga likiwa bado begani.

"Shemeji, hapa hakuna mwekezaji. Nimeporwa."

"Na king'ora?"

"Changu."

Mnyapara alikiangalia kile kidude. "Chako? Unaajiri?"

Mtu wa mstari wa nyuma akapiga kelele, "Mama, kama unaajiri, mimi matita yangu ya mkonge unayajua!" Wachache wakacheka. Wengi hawakucheka.

"Mimi nilisema mbona kidogo," mwingine akasema.

"Ulisema wapi? Ulikuwa mbele yangu unakimbia."

"Nilisema moyoni. Nikajijibu, vitu vya siku hizi vyote vidogo. Redio ya baba yangu ilibebwa na watu wawili."

Waliokota bamia. Hilo lazima niliseme. Waliziokota zote, wakazipanga kikapuni, ndogo chini na kubwa juu. Lakini walipoondoka hawakuondoka kwa mistari. Kila mtu alirudi na njia yake, panga limeshikwa chini, kipande kimerudishwa mfukoni. Mama aliwasindikiza kwa macho. Mimi nilikuwa nimefurahi kwamba yuko mzima. Yeye alikuwa na uso wa mtu aliyevunja kitu cha jirani.

Habari zilifika Mikumi siku hiyo hiyo kwa kinywa cha kondakta, zikiwa zimenenepa njiani: mama amezingirwa na wanaume wenye mapanga. Kesho yake alasiri pikapu ilisimama mlangoni. Nyuma palikuwa na kamba mpya ya kufungia godoro.

"Nilisema mara moja," kaka alianza.

"Kaa kwanza upewe taarifa," nikamwambia, na nikafungua daftari.

Nilimsomea. King'ora kililia mara mwizi alipovuta. Watu walitoka papo hapo, mistari yote. Walikuja na mapanga. Mwizi akatupa kikapu na kukimbia. Bamia hazikupotea. Hakuna neno hata moja la uongo katika taarifa ile, nami najua waandishi wanaolipwa ambao hawawezi kusema hivyo. Sababu ya watu kuja sikuisoma kwa kuwa sikuwa nimeiandika.

Kaka akalitazama daftari. Alikuwa amekulia mistari ile ile na alijua jinsi watu wake wanavyochelewa hata kwenye mazishi. "Wote wale walikuja kwa ajili ya mama?"

"Walikuja," nikasema.

"Basi sawa. Kesho alfajiri tunajaribu. Mama atakiwasha nikiwepo. Wakija, naondoka peke yangu. Wasipokuja, godoro linapanda gari."

Nilimwangalia mama, nikitumaini atakataa. Angeweza kusema kwamba si vizuri kuwasumbua watu. Akaitikia kwa kichwa.

Kaka alipokwenda kuoga nilimsogelea. "Mama, hawatakuja. Walikuja jana kwa sababu ya kazi. Sasa wanajua ni kidude chako."

"Watakuja."

"Umewaaibisha mara moja. Nani atakimbia mara ya pili?"

"Wewe umesoma," alinong'ona, "mimi nimeishi nao."

Alfajiri tulisimama watatu kwenye kile kiwanja. Umande ulikuwa mzito. Kaka alikuwa amevaa koti na amefumbata mikono kama mkaguzi. Mama alivuta kamba mwenyewe safari hii, bila kumsubiri mtu amwamkie.

Mlio ulianza chini. Ukapanda. Ulipofika juu, nilimwona kaka yangu, mtu mzima mwenye gesti, akifumbua mikono na kusimama wima. Aligundua, akajifanya anarekebisha koti.

Hakuna aliyetoka. Nilihesabu moyoni, nikaacha kuhesabu. Mlango mmoja ulifunguka, akatoka mwanamke, akamwaga maji, akaingia. Kaka alinigeukia na ile sura yake ya kushinda kwa huzuni. Nikaanza kupanga kichwani vitu vya mama: kitanda, sufuria, jembe. Nikawaza nani atafyeka kaburi.

Ndipo akaonekana mnyapara. Hakukimbia. Alikuja anatembea, panga mkononi, anaangalia pembeni kama mtu aliyekuwa na safari zake. Nyuma yake wawili. Kisha mmoja kutoka mstari wa chini, akisema kwa sauti kwamba yeye anakwenda tu kuangalia mahindi, ingawa mahindi yake yalikuwa upande mwingine. Kisha watano kwa pamoja. Walikuja wametawanyika, hawatazamani, lakini walikuja, na walipofika uwanjani miguu yao ikatafuta yenyewe mahali pake pa zamani.

Mama akarudisha pini. Tukawaamkia, kaka na mimi.

"Marahaba," mnyapara akajibu. Akamtambua kaka. "Wewe ni yule uliyekuwa ukiiba nazi za meneja."

"Ndiyo, baba. Mzee, samahani kwa usumbufu. Nilitaka kujua tu. Mlijua ni cha mama?"

"Tulijua."

"Na mkaja?"

Mnyapara alitazama kiwanda, mabati yake yaliyobaki, mlango wake uliolala. Akachagua maneno.

"Kijana wangu, juzi ilikuwa siku ya mama yako. Leo pengine ni yake pia. Lakini na mwekezaji naye atakuja, na naye atapiga kitu. Kwa masikio haya yetu hatuwezi kujua kipi ni kipi. Sasa mtu abaki kitandani, kumbe ndiyo siku yenyewe, wenzake wameandikwa?" Akatikisa kichwa. "Itabidi tuje kila kikilia."

Waliomzunguka wakaafiki. Mmoja akaongeza kwamba mama asikiwashe siku za mvua, kama inawezekana.

Ahadi ni ahadi. Kaka alikwenda kwenye pikapu, akaitoa ile kamba mpya, akamletea mama pale kiwanjani, akasema angalau itafaa kuanikia nguo. Mama akainamiwa, akanong'ona kumshukuru, na akamwagiza alete betri za mraba atakapokuja tena, kwa kuwa Kilosa hazipo.

Wazee walikuwa wanatawanyika. Mama alijitwisha kikapu chake kichwani, maana ilikuwa tena siku ya soko, na kushika njia ya mkongeni, na yule wa mahindi akaona heri apite huko huko. Mnyapara alinipita karibu. Jana yake, mbele ya wenzake, alikuwa ameapa kwamba kile kipande anakwenda kukichoma. Nilitazama mfuko wa shati lake. Ncha ya nailoni ilikuwa imechomoza, safi, imefungwa upya.